Babe Ruth na Hank Aaron: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi wa Aprili, mashabiki wa besiboli wanapokumbuka usiku ule wa Atlanta mwaka 1974, Hank Aaron alipoivunja rekodi ya homurani ya Babe Ruth, ubishi kuhusu wapigaji hawa wawili hufufuka, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyoujua mchezo huu ninaoupenda. Pale ambapo jibu ni maoni yangu, nimesema hivyo waziwazi.

## Mambo ya msingi

1. Hawa ni akina nani?

Babe Ruth, jina lake kamili George Herman Ruth, alizaliwa Baltimore, Maryland, tarehe 6 Februari 1895. Aliingia ligi kuu ya Marekani mwaka 1914 na Boston Red Sox, akauzwa kwa New York Yankees, na huko akacheza tangu 1920 hadi 1934. Mwaka wake wa mwisho, 1935, alivaa jezi ya Boston Braves. Alipiga homurani 714.

Hank Aaron, yaani Henry Louis Aaron, alizaliwa Mobile, Alabama, tarehe 5 Februari 1934, siku moja kabla Ruth hajatimiza miaka 39. Alianza na Milwaukee Braves mwaka 1954, akahama nao kwenda Atlanta mwaka 1966, kisha akamalizia Milwaukee Brewers mwaka 1975 na 1976. Yeye alipiga 755.

2. Sijui besiboli. Homurani ni kitu gani?

Mtupaji anarusha mpira, mpigaji anauchapa kwa gongo. Mpira ukivuka uzio wa mbele ukiwa bado hewani, ndani ya mistari, mpigaji anazunguka besi zote nne bila mtu kumgusa, na wenzake waliokuwa wamesimama kwenye besi wanaingia nyumbani, yaani besi ya mwisho, pamoja naye. Kila anayeingia ni mkimbio mmoja kwa timu.

Aliyezoea kriketi anaweza kufikiria sita. Tofauti ni kwamba katika kriketi mpigaji mmoja anaweza kupiga sita kadhaa kwa saa moja, ilhali kwenye besiboli mchezaji mzuri tu anaweza kumaliza wiki mbili bila homurani hata moja. Mpira unamfikia kwa chini ya nusu sekunde, na gongo ni la mviringo. Ndiyo maana mtu akipiga 40 kwa msimu mmoja, jina lake linajulikana nchi nzima.

Utakutana pia na wastani wa kupiga. Ukiona 0.342, maana yake ni kwamba katika kila zamu 1,000 za kupiga, mchezaji huyo alifanikiwa kufika kwenye besi kwa pigo lake mara 342.

3. Kwa nini wanalinganishwa wao wawili tu, wakati wapigaji wakubwa ni wengi?

Kwa sababu ya namba 714. Ruth alishika rekodi ya homurani za maisha tangu mwaka 1921, akazidi kuipandisha hadi alipostaafu, na baada ya hapo ikakaa miaka 39 bila kuguswa. Watoto wa Marekani waliikariri namba hiyo kama tarehe ya kuzaliwa. Aaron ndiye aliyeivunja, na alikuwa mtu mweusi kutoka Alabama. Mengine yote yanatoka hapo.

4. Walijifunzia wapi mchezo?

Ruth alipelekwa akiwa na miaka 7 kwenye shule ya bweni ya Wakatoliki mjini Baltimore, St. Mary's, iliyopokea yatima na watoto walioonekana watukutu. Huko mtawa mmoja mkubwa wa mwili, Bruda Matthias, alimchapia mipira mchana kutwa, na Ruth alisema maisha yake yote kwamba mtu huyo ndiye aliyemfundisha.

Aaron hakuwa na mwalimu. Mtaani kwao, Toulminville, fedha za kununulia vifaa hazikuwapo, kwa hiyo alipiga vizibo vya chupa kwa mpini wa ufagio. Kizibo hakisafiri moja kwa moja, kinayumba na kuzama, na unapaswa kukifuata kwa jicho mpaka mwisho. Alijifunza pia kushika gongo kinyume. Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia huweka mkono wa kulia juu na wa kushoto chini. Aaron aliweka wa kushoto juu. Jaribu kwa fimbo yoyote hapo ulipo uone viganja vinavyogongana. Kwa mshiko huo alifika hadi ngazi ya kulipwa ndipo wakamrekebisha, na wengi waliomwona wanasema kasi ya viganja vyake haikuwa na mfano.

## Takwimu

5. Kwa namba tupu, nani kamzidi mwenzake?

Inategemea unapima wingi au ukali.

Kwa wingi ni Aaron. Mapigo 3,771 dhidi ya 2,873 ya Ruth. Besi zote alizojipatia kwa mapigo yake ni 6,856, rekodi ambayo bado haijafikiwa. Mikimbio aliyoiingiza kwa mapigo yake ni 2,297, nayo ni rekodi, Ruth akiwa na 2,200 na ushei. Hata ukimnyang'anya Aaron homurani zake zote 755, anabakiwa na mapigo zaidi ya 3,000, na hiyo peke yake ni idadi ambayo wachezaji wachache sana katika historia wameifikia.

Kwa ukali ni Ruth, na pengo ni kubwa. Wastani wake wa kupiga ni 0.342, wa Aaron ni 0.305. Wastani wa besi kwa kila zamu, ambao ndio kipimo cha nguvu, ni 0.690 kwa Ruth na 0.555 kwa Aaron. Watupaji walimwogopa Ruth kiasi kwamba walimwachia besi ya kwanza bure mara 2,062. Aaron aliachiwa mara 1,402.

Halafu kuna namba moja ambayo hunishangaza kila ninapoiangalia. Mikimbio ambayo kila mmoja aliiingiza kwa miguu yake mwenyewe: Ruth 2,174, Aaron 2,174.

6. Si kweli kwamba Aaron alimpita Ruth kwa sababu tu alicheza muda mrefu?

Alicheza zaidi, hilo halina ubishi: mechi 3,298 dhidi ya 2,503. Ruth alipiga homurani moja kila baada ya zamu 12 hivi, Aaron kila baada ya 16.

Lakini neno "tu" ndilo ninalolikataa. Wachezaji wengi hupewa muda mrefu na hawafiki popote, kwa sababu mwili unachoka na jicho linapungua. Aaron alipiga homurani 20 au zaidi kwa misimu 20 mfululizo, tangu 1955 hadi 1974. Mwaka 1973, akiwa na miaka 39, alipiga 40 katika zamu 392. Hiyo ni moja kila baada ya zamu 10, kasi iliyoupita wastani wa maisha wa Ruth. Mtu anayejikongoja kuelekea rekodi hapigi hivyo.

7. Na Ruth je, hakupoteza miaka kwa kuwa mtupaji?

Alipoteza, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wake. Boston walimchukua kama mtupaji wa mkono wa kushoto, na alikuwa bora: mwaka 1916 alishinda mechi 23, na katika fainali za World Series za 1916 na 1918 alitupa ngwe (vipindi tisa vinavyounda mechi) 29 na theluthi mbili mfululizo bila kuruhusu mkimbio. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1961. Kwa maisha yake yote alishinda mechi 94 na kupoteza 46 kama mtupaji.

Mpaka mwisho wa 1918 alikuwa na homurani 20 tu. Nyingine 694 alizipiga kuanzia akiwa na miaka 24. Aaron, alipofika umri huo, alikuwa ameshapiga zaidi ya 100. Katika historia yote ya ligi kuu, mtu pekee aliyeweza kutupa na kupiga kwa kiwango kinachomkaribia Ruth ni Mjapani Shohei Ohtani, na imechukua miaka mia moja kumpata.

8. Nani alikuwa na msimu bora zaidi?

Ruth, bila kufikiri mara mbili. Mwaka 1920, msimu wake wa kwanza na Yankees, alipiga 54. Aliyemfuata, George Sisler, alipiga 19. Hakuna timu nyingine nzima katika ligi yao, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, iliyofikisha 54. Mwaka uliofuata akapiga 59, na 1927 akapiga 60, akizipita tena timu zote pinzani za ligi yake moja moja.

Aaron hakuwahi kufika 50. Msimu wake wa juu kabisa ni 47, mwaka 1971. Kinachopendeza ni kwamba alivaa namba 44 mgongoni na alipiga 44 kamili katika misimu minne tofauti: 1957, 1963, 1966 na 1969.

9. Viwanja vilimsaidia nani?

Wote kwa zamu. Uzio wa kulia wa Yankee Stadium ulikuwa karibu, kama mita 90, na Ruth alipiga kwa kushoto, mipira yake ikielekea huko huko. Hata hivyo alipiga homurani nyingi zaidi ugenini kuliko nyumbani. Aaron alikaa miaka 12 kwenye uwanja mgumu wa Milwaukee kabla ya kuhamia Atlanta, mji ulio juu kutoka usawa wa bahari, ambako mpira huruka mbali. Sioni kama suala hili linaamua chochote.

10. Vikombe na tuzo?

Ruth alitwaa World Series mara 7, tatu na Boston na nne na Yankees. Aaron mara moja, mwaka 1957, na timu waliyoifunga ni Yankees wenyewe. Katika fainali hiyo alipiga homurani 3.

Kila mmoja alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara moja: Ruth 1923, Aaron 1957. Hapa watu humwonea Ruth. Mwaka 1920 na 1921 tuzo haikuwapo, na baadaye sheria ya ligi yake haikuruhusu mtu kuipata mara ya pili. Aaron naye alishinda tuzo tatu za ulinzi bora uwanjani, na aliiba besi (yaani alikimbilia besi inayofuata bila kusubiri pigo) mara 240 dhidi ya 123 za Ruth.

Ruth alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza kabisa kuchaguliwa kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa Cooperstown, mwaka 1936. Aaron aliingia 1982 kwa asilimia 97.8 ya kura.

11. Basi wewe unasema nani bora?

Kama ninahitaji mpigaji mmoja kwa mechi moja, namchukua Ruth. Aliugeuza mchezo wenyewe. Kabla yake timu ziliishi kwa kugusa mpira na kuiba besi, na baada yake kila mtoto alitaka kuuvusha uzio.

Lakini ukiniuliza kazi ipi ilikuwa nzito zaidi kuibeba, ni ya Aaron, na siyumbi katika hilo. Sababu zangu ziko katika maswali ya 12 hadi 15.

## Zama na rangi

12. Ni kweli Ruth hakuwahi kukutana na wachezaji weusi?

Katika mechi rasmi za ligi kuu, hakuwahi. Ukuta wa rangi, yaani kuzuiwa kwa weusi kucheza ligi kuu, ulikuwapo muda wote aliocheza na ulianguka tarehe 15 Aprili 1947, mchezaji mweusi Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Baada ya misimu kwisha Ruth alicheza mechi za maonyesho dhidi ya timu za weusi, na hakuona tabu kufanya hivyo. Ukuta haukujengwa naye. Ila namba zake zilipatikana ndani yake. Watupaji bora weusi wa miaka ya 1920 hawakuruhusiwa kusimama mbele yake mpira ulipohesabika.

Kwa upande wake Aaron alikutana na wote: weusi, weupe, na wachezaji kutoka Karibiani. Pia alisafiri kwa ndege kutoka pwani hadi pwani, akicheza usiku chini ya taa, mambo ambayo Ruth hakuyajua.

13. Aaron aliingiaje, kutoka Alabama ya wakati ule?

Kupitia ligi ya weusi. Mwaka 1952, akiwa na miaka 18, aliondoka Mobile kwa treni kujiunga na Indianapolis Clowns, akiwa na dola 2 na sandwichi mbili alizofungiwa na mama yake. Baadaye alisimulia jinsi timu ilivyopata kifungua kinywa kwenye mgahawa mmoja mjini Washington. Walipomaliza kula na kuinuka, walisikia jikoni sahani zikivunjwa, zile zile walizolia. Aliikumbuka sauti hiyo hadi uzeeni.

Mwaka 1953 Braves walimpeleka Jacksonville, Florida, akawa mmoja wa weusi wa kwanza katika ligi ndogo ya majimbo ya Kusini. Wenzake weupe walilala hotelini, yeye alitafutiwa nyumba za watu weusi upande wa pili wa mji. Msimu huo akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka uliofuata, Bobby Thomson wa Braves alipovunjika kifundo cha mguu kabla ya msimu, nafasi ikapatikana Milwaukee, naye hakuiachia tena.

14. Zile barua zilikuwaje?

Msimu wa 1973 ulikwisha Aaron akiwa na 713. Moja pungufu. Akalazimika kusubiri majira yote ya baridi, na barua zikamiminika: kwa mwaka huo zilikadiriwa kufika 930,000. Nyingi zilimtia moyo, hasa baada ya habari kuenea magazetini. Lakini nyingine zilimtukana rangi yake, zikataja siku na uwanja atakapopigwa risasi, na zikatishia watoto wake. Binti yake alikuwa chuoni Fisk, Tennessee, na maofisa wa FBI walihusika kumlinda. Aaron alilala mbali na wenzake safarini na alitokea milango ya nyuma ya viwanja. Barua za vitisho hakuzitupa. Alizihifadhi nyumbani kwake.

Claire, mjane wa Ruth, alijitokeza hadharani kuulaani ubaguzi huo, akasema mumewe angemshangilia Aaron.

15. Nini hasa kilitokea tarehe 8 Aprili 1974?

Siku nne kabla, huko Cincinnati, alishaifikia 714 mara ya kwanza tu alipozungusha gongo msimu huo. Jumatatu hiyo watu 53,775 walijaa uwanja wa Atlanta. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, hakuwapo. Alimtuma msaidizi wake, Monte Irvin.

Ngwe ya nne, mtu mmoja akiwa kwenye besi, mtupaji ni Al Downing wa Los Angeles Dodgers, ambaye naye alivaa namba 44. Mara ya kwanza Aaron aliachiwa besi bila kuzungusha gongo. Safari hii alilizungusha, kwa mara ya kwanza usiku ule. Bill Buckner wa Dodgers alipanda uzio wa kushoto akinyoosha mkono, mpira ukampita juu na kudakwa nyuma ya uzio na Tom House, mtupaji wa Braves.

Aaron alianza kuzunguka kama kawaida yake, kichwa chini, bila madaha. Kati ya besi ya pili na ya tatu vijana wawili weupe waliruka kutoka jukwaani wakamkimbilia. Jukwaani alikuwako mlinzi wake, askari wa Atlanta, mwenye bastola ndani ya mfuko wa darubini. Alikuwa na sekunde chache za kuamua. Hakuitoa. Vijana wakampiga Aaron begani kwa furaha na kuondoka.

Kwenye besi ya nyumbani, katikati ya msongamano wa wenzake, mama yake Estella alipenya akamkumbatia shingoni kwa nguvu kiasi kwamba mwanawe alishindwa kujinasua. Baadaye alieleza sababu: kama kuna mtu atakayefyatua risasi, basi ampige yeye pia.

## Maswali ya pembeni

16. Barry Bonds si ndiye mwenye rekodi?

Kwenye vitabu, ndiye. Alimpita Aaron tarehe 7 Agosti 2007 na kumaliza na 762. Jina lake limefungamana na kashfa ya dawa za kuongeza nguvu, na wapiga kura wa Cooperstown hawajamwingiza. Aaron hakuwa uwanjani usiku ule, lakini ujumbe wake wa video wa pongezi ulionyeshwa. Mashabiki wengi, nami nimo, bado tunaitaja 755.

17. Na Josh Gibson, au Sadaharu Oh?

Oh alipiga 868 katika ligi ya Japani. Ligi tofauti, viwanja tofauti, lakini alikuwa mpigaji halisi. Mwaka 1974 alishindana na Aaron jijini Tokyo, Aaron akashinda 10 kwa 9, na wakawa marafiki.

Gibson alicheza ligi za weusi. Mwaka 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi takwimu za ligi hizo za kati ya 1920 na 1948, na wastani wake wa nguvu, 0.718, ukaupita wa Ruth. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya siku ya Robinson. Mechi za Aaron na Clowns hazikuingizwa, kwa kuwa mwaka 1952 uko nje ya kipindi hicho.

18. Ruth alinyoosha kidole kweli kabla ya kupiga, mwaka 1932?

Ilikuwa Chicago, mechi ya tatu ya World Series. Alinyoosha mkono, picha zipo, kisha akapiga homurani kubwa. Kama alikuwa anaonyesha mahali mpira utakapoangukia au anawajibu wachezaji wa Chicago Cubs waliokuwa wakimzomea, watu wamebishana hadi leo. Nionavyo mimi, aliwajibu Cubs.

19. Nani alilipwa zaidi?

Ruth alifikia dola 80,000 mwaka 1930, zaidi ya mshahara wa Rais Hoover. Aaron mwaka 1972 alitia saini mkataba wa dola 200,000 kwa mwaka. Ukizingatia kupanda kwa bei, mishahara hiyo miwili inakaribiana sana.

20. Huku kwetu kuna anayecheza?

Uganda wanaongoza. Mwaka 2011 timu ya watoto ilifuzu michuano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza hapo.

21. Ruth na Aaron waliwahi kukutana?

Ruth alifariki kwa saratani tarehe 16 Agosti 1948. Aaron alikuwa na miaka 14, huko Mobile. Shujaa wake alikuwa Jackie Robinson. Mwaka huo huo wa 1948 alitoroka shule kwenda kumsikiliza akizungumza mjini.

Wanakutana kwenye jezi. Tarehe 25 Mei 1935, huko Pittsburgh, Ruth mwenye miaka 40 na magoti mabovu alipiga homurani tatu katika mechi moja, ya mwisho ikiwa ya 714, na siku chache baadaye akastaafu. Siku hiyo alikuwa amevaa jezi ya Boston Braves. Klabu hiyo ilihamia Milwaukee mwaka 1953, kisha Atlanta. Ni ile ile aliyoivaa Aaron alipopiga ya 715.